Nyuki wa Ng'ambo na Nyuki wa Kwetu

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za binti mmoja wa nchi ya Hanang, aliyevuka bahari akaenda Ulaya kujifunza kazi ya kufuga nyuki, na habari za mambo yaliyompata aliporudi kwao. Jina lake hatutalitaja, maana mwenyewe hapendi litajwe. Lakini kisa chenyewe ametupa ruhusa kukisimulia. Alituambia, "Waambieni watu, Mwalimu, wasije wakapotewa na fedha kama tulivyopotewa sisi." Basi sikilizeni, na wenye kalamu na karatasi waziweke karibu, kwa kuwa ndani ya kisa hiki mna hesabu ndogo, na hesabu hiyo ndiyo kiini cha maneno yetu.

Kwanza tuwakumbushe kwamba asali si jambo geni katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang. Katika bonde la Yaeda, Wahadzabe wametafuta asali tangu zamani za kale, wakimfuata ndege aitwaye mlembe, ambaye huwaongoza mpaka kwenye mti wenye nyuki. Wabarbaig hutengeneza pombe ya asali kwa sherehe zao kubwa, na hasa kwa maziko ya heshima ya wazee wao, ambayo huyaita bung'eda. Wairaqw nao wametundika mizinga ya magogo katika miti yao miaka mingi kabla shule haijafika. Babu yake binti huyu alikuwa mrina asali wa namna hiyo. Alikuwa na mizinga ipatayo 30 juu ya migunga iliyo chini ya mlima Hanang. Lakini uzee ulimjia, na wajukuu wake wa kiume hawakutaka kazi ile. Mmoja alikwenda Mererani kuchimba tanzanite, wengine walikwenda Arusha. Mzee akabaki na mizinga isiyo na mrithi.

Nasi tuna neno la kukiri hapa. Binti huyu alisoma katika chuo chetu cha ualimu, na sisi walimu wake tulikuwa tumefundisha miaka mingi kwamba mzinga wa gogo ni kazi ya ujinga, na mzinga wa sanduku ndio elimu. Tulichora sanduku lile ubaoni, wanafunzi wakalinakili madaftarini, wakapata alama zao. Hatukupata hata siku moja kwenda kutazama ndani ya gogo la mzee yeyote. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Binti alipomaliza masomo yake, ikatokea nafasi ya kwenda kufanya kazi na kujifunza kwa muda wa miezi sita katika shamba moja nchini Slovenia. Baba yake akauza ng'ombe wawili ili kuongeza nauli. Slovenia ni nchi ndogo inayopakana na Italia na Austria, yenye wenyeji milioni 2 tu. Lakini wafugaji wa nyuki waliomo hupita 10,000. Huko ndiko alikozaliwa mwaka 1734 Bwana Anton Janša, mtoto wa wakulima, ambaye baadaye Malkia Maria Theresa alimweka katika mji wa Vienna awe mwalimu wa kufundisha watu ufugaji wa nyuki. Kwa ajili ya kumkumbuka yeye, Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2017 kwamba tarehe 20 Mei iwe Siku ya Nyuki Duniani, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka tangu 2018.

Shamba alilokaa lilikuwa la watu wasiotia ardhini mbolea za viwandani wala dawa kali za kuua wadudu. Samadi ya ng'ombe hulazwa mpaka ioze vema, ndipo ipelekwe shambani. Majani ya malishoni hayafyekwi mpaka maua yake yamekwisha kutembelewa na nyuki. Miti ya matunda hupandwa karibu na mizinga, ili nyuki wapate chakula na miti ipate kuzaa. Maana nyuki akitua katika ua hushikwa na chavua, ule unga wa maua, naye huupeleka mpaka ua jingine, na kwa njia hiyo tunda hufanyika. Mizinga yao hupangwa ndani ya kibanda kama vitabu katika rafu, na vibao vya mbele hupakwa rangi na kuchorwa picha. Nyuki wenyewe ni wa rangi ya kijivu, wapole mno, hata mara nyingine mwenye shamba huwashughulikia pasipo kuvaa mifuko ya mikono.

Lakini jambo lililomshangaza binti yetu kupita yote lilikuwa mizani. Mzinga mmoja uliwekwa juu ya mizani mchana na usiku. Kila jioni mwenye shamba alisoma uzito wake akauandika daftarini. Uzito ukiongezeka, alijua kwamba maua ya mahali pale yanatoa maji matamu. Ukipungua, alijua kwamba njaa yaja. Hakuna siku aliyoiruka, hata siku ya mvua. Binti naye akaanza daftari lake, akaandika kila alichokiona, na vipimo vya kila kitu.

Miezi sita ilipotimia, alirudi nyumbani. Watu walikuja kumtazama, wakitazamia pengine ataleta mtambo mkubwa. Alileta wavu wa kufunika uso, bomba la moshi, rula, daftari lake, na picha ya mzinga wa sanduku yenye vipimo vyote. Akina mama 12 wa kijiji wakaunda kikundi pamoja naye, wakakopa fedha, wakamwajiri seremala wa Katesh awatengenezee masanduku 10. Kila sanduku lilikuwa na viunzi 10 vya kuning'iniza masega, na tangu katikati ya kiunzi hata katikati ya kiunzi kingine palikuwa na milimita 35, sawasawa kabisa na picha. Zile karatasi za nta ambazo wafugaji wa Ulaya huzitia katika viunzi, ili kuwaonyesha nyuki mahali pa kujenga, hawakuweza kuzinunua, maana zilikuwa ghali. Wakaona si kitu.

Mvua zikanyesha, migunga ikatoa maua, nyuki wakaingia katika masanduku saba. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini siku ya kufungua ilipofika walikuta masega hayakufuata viunzi hata kidogo. Yalikuwa yamejengwa kwa kukingama, yamegandamanisha kiunzi na kiunzi, hata hapakuwa na kiunzi kimoja kilichoweza kutoka peke yake. Ikawalazimu kukata kwa kisu. Asali ikamwagika, majana yakafa, nyuki wakatoka kwa hasira, na mbuzi wawili wa jirani wakaumwa hata wakafa. Baada ya siku chache masanduku yote saba yalikuwa matupu. Nyuki walikuwa wamehama. Deni lilibaki, na mbuzi wa watu walitaka kulipwa. Hapo wengine wakaanza kusema, "Ulaya yote ile na ng'ombe wawili, faida yake ndiyo hii?"

Akaja chuoni kututafuta. Baada ya kutuamkia, aliweka daftari juu ya meza, akasema, "Mwalimu, niliandika kila kitu kama nilivyokiona. Sijui nimekosa wapi."

Tukalisoma daftari lile ukurasa kwa ukurasa. Lilikuwa daftari zuri, nasi tuliona fahari juu yake. Lakini tulipofika mwisho tukamwuliza swali moja, "Vipimo hivi ni vya nyuki gani?" Akanyamaza. Nasi tukanyamaza, kwa maana tuliona kwamba swali hilo lingalifaa kuulizwa darasani, na mwenye wajibu wa kuliuliza alikuwa mwalimu.

Siku ya Jumamosi tukafuatana naye kwa babu yake. Mzee alikuwa ameketi uani.

"Shikamoo, babu," binti alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akajibu. "Kutoka Ulaya umerudi tangu mwaka jana, lakini hapa umefika leo."

Tukamweleza shida yetu. Hakucheka wala hakutulaumu. Jioni ilipoingia alimwita kijana mmoja apande mti, akateremsha gogo moja kwa kamba, polepole, kama mtu anayeteremsha mgonjwa kutoka garini. Akaliwekea moshi wa samadi kavu, akafungua mlango wa nyuma. Ndani tuliona masega yamesimama sambamba, moja nyuma ya jingine, mazuri kama kurasa za kitabu. Hapakuwa na kiunzi, hapakuwa na karatasi ya nta, hapakuwa na mtu aliyewaonyesha nyuki wale njia.

Binti akatoa rula yake. Alipima tangu katikati ya sega la kwanza hata katikati ya sega la kumi na moja, yaani nafasi 10. Akasoma milimita 320. Akadhani amekosa, akapima tena. Zikawa 320.

Sasa, wenye kalamu, andikeni. Milimita 320 gawanya kwa 10, jibu ni 32. Kipimo cha sanduku la Ulaya kilikuwa 35. Tofauti ni milimita 3 tu, unene wa vipande viwili au vitatu vya kadibodi. Mtu aweza kusema, milimita 3 ni kitu gani? Lakini katika viunzi 10 zinakuwa milimita 30, nazo ni karibu nafasi ya sega zima. Nyuki wetu ni mdogo kuliko nyuki wa Ulaya. Vyumba vyake ni vidogo, na sega lake ni jembamba zaidi. Anajenga kwa kipimo cha mwili wake. Alianza vema katika kiunzi cha kwanza, na katika cha pili akapotoka kidogo, na alipofika cha tano alikuwa amekwisha kuiacha njia ya seremala na kufuata njia yake mwenyewe.

Maarifa haya hayakuwa mapya, nasi twaona haya kusema hivyo. Zamani, mwaka 1851, Mmarekani mmoja jina lake Langstroth alitambua kwamba nyuki huacha njia ya kupita yenye upana wa milimita 9 hivi, wala hawaizibi. Na kwa kulijua jambo hilo dogo aliweza kutengeneza mzinga ambao masega yake hutoka moja moja. Tena hapa karibu, nchini Kenya, katika miaka ya 1970, wataalamu waliosaidiwa na Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada walitengeneza mzinga wenye vijiti vya juu kwa ajili ya nyuki wa Afrika, na upana wa kila kijiti waliuweka milimita 32. Kwa hiyo, kipimo kilichokuwa ndani ya gogo la babu kilikuwa kimekwisha kuandikwa vitabuni. Sisi ndio tuliokuwa hatujasoma gogo wala kitabu.

Jioni ile mzee alitufundisha na jambo la pili. Alisema, "Nyuki wa huko kwa Wazungu, mjukuu wangu amenieleza, hungoja baridi ikaisha. Wa kwetu hangoji. Yeye ni kama Mbarbaig na ng'ombe zake: mvua ikihama naye huhama." Maneno hayo ni kweli kabisa. Katika Ulaya nyuki hujikusanya pamoja kama tufe wakati wa baridi kali, wakala asali waliyoiweka akiba, na mfugaji akiwachukulia asali yao huwapa maji ya sukari wasife. Nyuki wetu akiona maua yamekauka, au akisumbuliwa, au akinyang'anywa akiba yote, huondoka na kundi zima. Kwa sababu hiyo babu hakuwa akikata masega yote kabla ya kiangazi. Huacha ya kuwatosha wenye nyumba. Sisi tulidhani ni uvivu.

Msidhani ya kuwa wageni peke yao ndio wenye maarifa yanayoweza kuleta hasara mahali pengine. Nyuki wetu naye amekwenda ng'ambo. Mwaka 1956 Bwana Warwick Kerr, mtaalamu wa Brazili, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka kwao, kwa kuwa nyuki wa Ulaya hawakustawi katika joto la nchi ile. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka karibu na mji wa Rio Claro, yakazaana na nyuki waliokuwapo, yakaenea sehemu kubwa ya Amerika ya Kusini, na mwaka 1990 yakafika Texas katika Marekani. Watu na wanyama wengi waliumwa hata kufa, kwa maana wafugaji wa huko walikuwa wamezoea nyuki wapole na mizinga mlangoni pa nyumba. Baadaye walijifunza: wakaweka mizinga mbali na watu, wakatumia moshi mwingi na mavazi ya kujikinga, na leo Wabrazili wengi wapata riziki yao kwa nyuki wenye damu ya Afrika. Waliumia kwanza kwa kumpokea mgeni wasiyemjua tabia, walifaidika walipomjua.

Hata ndege hufuata desturi ya mahali pake. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza habari za mlembe. Katika nchi ya Wahadzabe walimpigia mluzi wa Wahadzabe, kisha wakampigia mwito wa Wayao, ambao nao humfuata mlembe katika Msumbiji. Ndege wa Wahadzabe aliitikia mluzi wa kwao mara nyingi zaidi kuliko mwito wa kigeni. Na ndege wa Msumbiji hali kadhalika. Basi ikiwa ndege ajua lugha ya nyumbani kwake, si ajabu nyuki kujua kipimo cha nyumba yake.

Mtauliza, je, safari ya Ulaya ilikuwa bure? Sivyo. Bila safari ile binti yetu asingalikuwa na desturi ya kupima. Babu alikuwa na masega yaliyonyooka miaka 50, lakini hakupata kuyatia rula, kwa hiyo hakuweza kumwambia seremala neno lolote. Binti alikuwa na rula, lakini aliitumia kupima sanduku la watu wengine. Siku rula ya mjukuu ilipoingia katika gogo la babu, ndipo elimu ilipopatikana.

Seremala alivipunguza viunzi vyote vikawa na nafasi ya milimita 32, na chini ya kila kiunzi wakapaka mstari mwembamba wa nta ya nyuki wa kwetu. Masanduku wakayaning'iniza kwa waya, yapate kimo cha kiuno cha mtu, mbali na njia na mazizi, ili nyegere asiyaangushe na akina mama wasihitaji kupanda miti. Waya wakazipaka mafuta mazito kuwazuia siafu. Babu akachagua mahali penyewe, penye kivuli, na maji karibu, na pasipo upepo wa kuelekea mlangoni. Kati ya masanduku 10, nyuki waliingia sita, na katika hayo sita manne hayakuhama. Asali ya kwanza ililipa mbuzi wa jirani na sehemu ya deni. Deni lote halijalipwa bado, wala hatutaki kuwadanganya kwamba limekwisha. Lakini masega hutoka moja moja, na mzinga mmoja wamekwisha kuuweka juu ya mizani. Tena mzee ametangaza mbele ya ukoo kwamba mizinga yake ya magogo itakuwa ya mjukuu wake huyo, ijapokuwa ni mwanamke na desturi haikuwa hivyo.

Wasikilizaji wetu, kabla hatujaagana, tuwape maneno machache ya kuwafaa. Kwanza, mwenye kutaka kutengeneza mizinga asianze kwa seremala, aanze kwa mzee mwenye gogo, aombe ruhusa kupima masega ya mahali pake. Pili, wakati wa kuvuna asikate yote, bali awaachie nyuki chakula cha kiangazi; tena avune masega yaliyofunikwa kwa nta, maana asali isiyofunikwa ina maji mengi na huchacha upesi. Tatu, wenye mashamba ya alizeti na mbaazi, mkilazimika kunyunyiza dawa, nyunyizeni jioni nyuki wakiwa wamerudi nyumbani, kwa maana mkiwaua nyuki mmeyaua na mavuno yenu. Nne, asiye na nauli ya kwenda Ulaya asikate tamaa. Kipo chuo cha ufugaji wa nyuki Tabora, katika nchi yetu wenyewe. Na hata asiyeweza kufika Tabora aweza kununua daftari na rula katika duka la kijiji.

Na ninyi wanafunzi, mwalimu akichora kitu ubaoni, nakilini kama mlivyoagizwa, kisha inueni mkono mwulize kwa adabu, "Mwalimu, vipimo hivi ni vya nyuki gani?" Sisi tutafurahi kuulizwa, hata kama siku hiyo hatuna jibu.

Wazee wetu husema, "Fuata nyuki ule asali." Hawakusema tumwongoze nyuki, walisema tumfuate. Kwaherini.